UZI: Intaferoni ilijaribiwaje kwa MS ya kurudiarudia, na majaribio ya namna hii huharibikia wapi

#1 Neva_na_Uti

Wakuu, uzi huu ni wa wanaosoma majaribio ya dawa: wanafunzi wa tiba, wafamasia, watu wa takwimu. Kuna sehemu mtu kaandika "intaferoni inapunguza MS kwa theluthi moja". Nusu ya jamvi likashangilia, nusu likasema ni propaganda za makampuni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza theluthi ya nini, nani alihesabu, na aliyehesabu alijua mgonjwa anachomwa nini.

Kwa wageni: MS (sklerosisi nyingi) ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia maileni, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Aina ya kurudiarudia huja kwa mashambulizi. Jicho moja linafifia kwa wiki kadhaa, au miguu inakufa ganzi, halafu hali inatulia, mara nyingine kabisa, mara nyingine nusu tu.

Intaferoni zenyewe zilielezwa mwaka 1957 na Isaacs na Lindenmann kule London, kama protini ambazo seli hutoa kuzuia virusi. Enzi hizo wengi walidhani MS inasababishwa na kirusi, ndiyo maana dawa ya virusi ikajaribiwa. Mwaka 1981 Lawrence Jacobs na wenzake wa Buffalo, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 20: 10 walipewa intaferoni beta asilia kwa sindano ya kwenye maji ya uti wa mgongo, 10 hawakupewa. Mashambulizi yalipungua kwa waliopewa.

Mwaka 1987 kundi la Panitch likajaribu intaferoni gama kwa wagonjwa 18. Kati yao 7 walipata shambulio ndani ya kipindi cha matibabu ambacho ni wiki 4 tu. Jaribio likaishia hapo. Gama na beta zina jina moja la ukoo, lakini kwenye MS moja inachochea moto na nyingine inaupunguza. Anayesema "intaferoni" bila kutaja aina, mwulizeni kwanza ni ipi.

Jaribio lililofungua mlango ni la 1993, la Marekani na Kanada, vituo 11, watu 372. Makundi matatu: plasebo (sindano isiyo na dawa), yuniti milioni 1.6, na yuniti milioni 8 za beta-1b, chini ya ngozi, siku moja ndiyo siku moja hapana. Wastani wa mashambulizi kwa mtu kwa mwaka baada ya miaka miwili:

plasebo 1.27
milioni 1.6: 1.17
milioni 8: 0.84

Toka 1.27 hadi 0.84 ndiyo ile theluthi. Karibuni tuichambue.

#2 Pwani_Rx

Asante mkuu kwa kutenganisha gama na beta. Niongeze kwamba hata beta ziko mbili na hazilingani mikrogramu kwa mikrogramu.

Beta-1b (Betaseron) hutengenezwa na bakteria E. koli. Haina minyororo ya sukari, na asidi amino ya nafasi ya 17 imebadilishwa kutoka sisteini kwenda serini ili protini zisifungamane ovyo. Beta-1a (Avonex, Rebif) hutengenezwa kwenye seli za ovari za hamsta wa China, ina asidi amino 166 na sukari zake kama ile ya binadamu. Kwa uzito uleule beta-1a ina nguvu zaidi kwenye vipimo vya maabara. Kwa hiyo ukiona mikrogramu 250 za moja na 30 za nyingine usiseme ya kwanza ni "dozi kubwa mara nane". Yuniti milioni 8 za jaribio la 1993 ndizo mikrogramu 250 za leo.

#3 Mgeni_Jamvini

Samahani wakuu, swali la kizembe. Shambulio linahesabiwaje? Mtu akiamka mguu mzito siku moja tayari ni namba?

#4 Neva_na_Uti

Si la kizembe hata kidogo, hapo ndipo jaribio zima linasimama au kuanguka.

Kanuni iliyotumika, na inayotumika mpaka leo kwa tofauti ndogo: dalili mpya au ya zamani iliyozidi, idumu saa 24 au zaidi, kabla yake mgonjwa awe ametulia angalau siku 30, na kusiwe na homa wala maambukizi ya kueleza hali hiyo. Halafu daktari aone mabadiliko kwenye uchunguzi wa neva, si maneno ya mgonjwa peke yake.

Kipengele cha homa ni kizito kwetu. Neva iliyokwisha kuvuliwa maileni hupitisha umeme vibaya joto la mwili likipanda hata kwa nusu nyuzi. Malaria, UTI, jua la mchana wa Februari, vyote vinaweza kurudisha dalili za zamani bila doa jipya lolote kwenye ubongo. Hilo ni shambulio la uongo. Kwa hiyo mgonjwa akipiga simu, utaratibu ni huu:

Pima joto, mkojo na malaria siku hiyohiyo. Kama kuna maambukizi, tibu, subiri, pima tena. Kama hakuna, mchunguzi wa neva amwone ndani ya siku 7, ajaze fomu ya EDSS (kipimo cha ulemavu wa MS), na ndipo uamue kuhusu steroidi (kwa kawaida methylprednisolone gramu 1 kwa mshipa kwa siku, siku 3 hadi 5).

Kinachoharibika: kituo kimechelewa, mgonjwa kaonwa siku ya 20, dalili zimeshapungua, fomu inasema "hakuna mabadiliko". Shambulio la kweli linapotea kwenye hesabu. Vituo vikichelewa sawa kwa makundi yote unapoteza nguvu ya jaribio tu. Wenye plasebo wakipiga simu haraka kuliko wenye dawa, hapo umetengeneza tofauti isiyokuwepo.

#5 Mganga_wa_Namba

Na kwa nini wenye plasebo wapige simu haraka? Kwa sababu wanajua. Intaferoni inajitangaza. Saa 3 hadi 6 baada ya sindano mtu anatetemeka, misuli inauma, joto linapanda kama mwenye mafua. Mahali pa sindano panakuwa pekundu. Asiyepata hata kimoja anajua ana maji ya chumvi.

Majaribio yalijilinda hivi. Madaktari wawili kwa kila mgonjwa: anayetibu, anayesikiliza madhara na kusoma majibu ya damu; na anayechunguza, ambaye haruhusiwi kuuliza chochote isipokuwa neva. Mgonjwa anaingia kwa mchunguzi akiwa amefunikwa sehemu anazochoma. Paracetamol inatolewa kwa makundi YOTE kwa ratiba ileile, ili kumeza vidonge kusiwe alama ya kundi.

Haitoshi. Wagonjwa wengi wa dozi kubwa walikisia sawasawa. Ndiyo maana mimi binafsi naamini zaidi picha za MRI, kwa sababu msomaji wa picha hajui nani alitetemeka usiku.

#6 Neva_na_Uti

Hapo nakuunga mkono mkuu. Sehemu ya picha ya lile la 1993 ilisimamiwa na Donald Paty na David Li wa Vancouver. Wote walipigwa picha kila mwaka, na wagonjwa 52 wa kituo kimoja walipigwa kila wiki 6. Kwenye plasebo eneo la madoa lilizidi kukua mwaka hadi mwaka; kwenye dozi ya milioni 8 lilibaki karibu palepale. Kama faida ingekuwa ya kichwani tu, madoa yasingejua nani kakisia nini.

Jaribio la PRISMS la 1998 likaonyesha hivyohivyo: watu 560, vituo 22, nchi 9, beta-1a mikrogramu 22 au 44 mara tatu kwa wiki. Eneo la madoa baada ya miaka miwili: plasebo +10.9%, dozi 22 −1.2%, dozi 44 −3.8%. Mashambulizi kwa mtu kwa miaka miwili: 2.56, 1.82, 1.73.

Kwa wanaopanga picha: gadoliniamu (dawa ya mshipa inayofanya madoa mapya yawake kwenye picha) milimoli 0.1 kwa kilo, yaani ml 0.2 kwa kilo kwa ile ya moli 0.5 (mtu wa kilo 60 anapata ml 12). Subiri angalau dakika 5 kabla ya kupiga picha ya aina ya T1, na muda huo uwe uleule kila safari. Unene wa vipande mm 3, kichwa kilazwe pembe ileile ya mara ya kwanza. Usipige ndani ya siku 30 baada ya steroidi, kwa sababu steroidi huzuia mishipa kuvuja na doa linalowaka linaonekana limezimika.

#7 Sindano_Nyembamba

Niweke ya mezani kwa wauguzi, maana hapa ndipo dawa nzuri inageuka maji machafu.

Beta-1b: kichupa cha unga mg 0.3. Ingiza ml 1.2 za chumvi ya 0.54% iliyokuja nayo, elekeza mkondo ukutani mwa kichupa. USITIKISE. Zungusha taratibu mpaka unga uyeyuke. Ukitikisa utapata povu, protini inajikunja na kushikana, na mafungu hayo ndiyo yanayoamsha kingamwili dhidi ya dawa. Likitokea povu, acha kichupa kitulie mpaka liishe. Ml 1 ndiyo mikrogramu 250. Tumia mara moja. Ikibidi kungoja, iwe kwenye friji na isizidi saa 3. Ikiwa na rangi au chembe, tupa.

Kupandisha dozi:
wiki 1–2: ml 0.25
wiki 3–4: ml 0.5
wiki 5–6: ml 0.75
wiki 7 kuendelea: ml 1

Choma jioni ili mtetemo umkute amelala. Paracetamol nusu saa kabla, na tena baadaye akihitaji, isizidi gramu 4 kwa siku. Zungusha mahali: tumbo (mbali na kitovu), mapaja, makalio, nyuma ya mikono. Usirudie pale palipo pekundu au pagumu. Ngozi ikigeuka nyeusi na kuchimbika, hiyo ni kufa kwa tishu; acha eneo hilo kabisa na mwonyeshe daktari. Hakikisha sindano inaishia chini ya ngozi, si ndani ya ngozi yenyewe.

Beta-1a ya bomba lililojazwa tayari inakaa nyuzi 2 hadi 8, isigande. Friji ya nyumbani, bomba lililobanwa nyuma karibu na ukuta wa barafu hugandia huko bila mtu kujua. Kila shehena iwe na kirekodi joto.

#8 Mgeni_Jamvini

Na damu inapimwa nini?

#9 Sindano_Nyembamba

Kabla ya kuanza, halafu mwezi wa 1, wa 3, wa 6, kisha kila baada ya muda: hesabu kamili ya damu na vimeng'enya vya ini. Homoni za tezi ya thairoidi kila miezi 6 kwa mwenye historia ya tezi. ALT (kimeng'enya cha ini) ikipita mara 5 ya kiwango cha juu cha kawaida, punguza au simamisha, rudia kipimo. Na muulize mgonjwa kuhusu huzuni na kukata tamaa kila ziara kwa maswali ya fomu ileile, kwa sababu sonona iko kwenye orodha ya maonyo.

Kumbuka majibu haya yaende kwa daktari anayetibu PEKEE. Seli nyeupe zikishuka, mchunguzi akiziona tu, usiri umekwisha.

#10 Mganga_wa_Namba

Sasa namba. Watu wanachukua fomula ya Poisson kuhesabu sampuli, halafu jaribio linashindwa na dawa inalaumiwa.

Mashambulizi hayajagawanyika sawa: wengine hawapati hata moja, wachache wanapata manne kwa mwaka. Tawanyiko ni kubwa kuliko Poisson inavyodhani, kwa hiyo tumia binomia hasi:

n kwa kundi = 10.5 × [1/(μ₁t) + 1/(μ₂t) + 2k] ÷ (ln ya uwiano)²

μ₁ na μ₂ ni mashambulizi kwa mwaka ya makundi mawili, t ni miaka, k ni kipimo cha tawanyiko, na 10.5 ni kwa nguvu ya 90% (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo) na alfa 0.05. Chukua k = 0.8, miaka 2, na upungufu wa 30% unaotafuta.

Kwa kiwango cha plasebo cha 1993, yaani 1.27: n = 211 kwa kila kundi.
Kwa kiwango cha 0.4: n = 383.
Poisson (k = 0) ingekudanganya kwamba 79 na 251 wanatosha.

Ile 0.4 sikuitoa hewani. ADVANCE, jaribio la beta-1a iliyofungwa molekuli ya PEG ili idumu mwilini (Plegridy, mikrogramu 125 kila wiki mbili, watu 1,512), kundi la plasebo lilikuwa na 0.397 tu kwa mwaka. Kwenye dawa 0.256. Upungufu kwa asilimia unafanana na wa 1993, lakini kwa hesabu ya kutoa ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1993 tofauti ilikuwa 0.43: ukitibu watu 2.3 kwa mwaka unazuia shambulio moja, kwa sindano kama 425. ADVANCE tofauti ni 0.141: watu 7 kwa mwaka, sindano kama 184. Anayetangaza "theluthi" bila kutaja kiwango cha plasebo anaficha nusu ya habari.

Ongeza walioacha. Ukitegemea 15% watoke, 383 inakuwa 451.

#11 Jicho_Kali

Walioacha! Nilikuwa nangoja mtu afike hapo. Jaribio la Jacobs la 1996, Avonex mikrogramu 30 kwenye msuli mara moja kwa wiki, watu 301. Tangazo: walioongezeka ulemavu kwa pointi 1 ya EDSS ni 34.9% kwa plasebo na 21.9% kwa dawa. Tamu. Lakini jaribio lilisimamishwa mapema na ni 172 tu waliofuatiliwa miaka miwili kamili. Hiyo ni 57%. Asilimia zile mbili ni makadirio ya mkondo wa Kaplan-Meier (unaokadiria hata kwa ambao hawakufika mwisho), hazikuhesabiwa kwa vichwa 301.

Mapitio ya Filippini ya 2003, majaribio 7, wagonjwa 1,215, yaliuliza: tukidhani waliopotea kwenye kundi la dawa walipata shambulio, inabaki nini? Faida ya mwaka wa kwanza ilibaki. Ya mwaka wa pili ikayumba. Kwa hiyo mimi nasema ushahidi wa kuzuia ulemavu ni dhaifu kuliko mnavyoupamba.

#12 Neva_na_Uti

Jicho_Kali, nusu nakubali. Lile la 1996 halikusimama kwa sababu watu walikimbia. Waliojiondoa walikuwa wachache kuliko ilivyotegemewa, muda wa ufuatiliaji uliohitajika ukatimia mapema, na walioingia mwishoni hawakufikisha miaka miwili. Kukatwa na kalenda si sawa na kutoroka kwa madhara. Aliyekatwa na kalenda hana upendeleo. Aliyetoroka kwa madhara anao.

Kuhusu ulemavu uko sahihi zaidi. EDSS ya Kurtzke inaenda 0 hadi 10 kwa hatua za nusu, na haiko sawa kote. Toka 4.0 kuendelea ni kutembea: mita 500 bila kupumzika ni 4.0, mita 200 ni 5.0, fimbo kwa mita 100 ni 6.0. Wachunguzi wawili hutofautiana nusu pointi au moja kwa mgonjwa yuleyule siku ileile. Ndiyo maana kupanda kunathibitishwa tena baada ya miezi 3, au 6 kama kwa Jacobs. Hata hivyo miaka miwili ni mifupi kwa ugonjwa unaokwenda miongo.

Wale 372 wa jaribio la 1993 walitafutwa baada ya miaka 21. Walipatikana 366, na 81 walikuwa wamefariki. Hatari ya kifo kwa walioanzia mikrogramu 250 ilikuwa chini kwa 46.8% kulinganisha na walioanzia plasebo.

#13 Jicho_Kali

Na ndani ya hiyo miaka 21 kila mtu alitumia alichotaka. Ni habari nzuri, lakini ugawaji wa bahati nasibu uliisha zamani. Naiweka rafu ya pili.

#14 Pwani_Rx

Hamjataja kingamwili zinazozima dawa. PRISMS: karibu 24% kwa dozi ya 22, 12.5% kwa 44. Ajabu ni kwamba dozi kubwa ilikuwa na chache. Hutokea polepole, athari yake inaonekana baada ya mwaka au mwaka na nusu, kwa hiyo jaribio la miezi 6 haliwezi kuziona. Ndilo shitaka langu kwa jaribio la EVIDENCE la 2002 (Rebif 44 mara tatu dhidi ya Avonex 30 mara moja, watu 677): wiki 24, wasio na shambulio 75% kwa 63%. Tofauti ni ya kweli, lakini muda ulimpendelea Rebif kwa sababu Avonex huamsha kingamwili chache zaidi. INCOMIN ya Italia (watu 188, beta-1b dhidi ya Avonex) ilikwenda miaka miwili na bado sindano za mara kwa mara zikashinda, 51% kwa 36%. Tatizo lake ni kwamba wagonjwa walijua wanachochomwa.

Pima kingamwili hizo mwezi wa 12 na wa 24. Ikiwa juu, rudia baada ya miezi 3 hadi 6. Ikibaki juu, dawa haifanyi kazi hata kama mgonjwa anajisikia vizuri.

#15 Kipimo_Kwanza

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo linatangulia yote haya. Kuna ugonjwa unaofanana na MS uitwao NMO, na kingamwili yake, AQP4, ilielezwa mwaka 2004. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi wa NMO (hushambulia macho na uti wa mgongo) walikuwa wanaitwa MS. Majaribio yote makubwa ya kwanza yalifanyika kabla, kwenye watu wengi wao wenye asili ya Ulaya ambako NMO ni adimu. Kwa watu wenye asili ya Afrika, uwiano wa NMO dhidi ya MS uko juu zaidi, na intaferoni beta kwa mwenye NMO inaweza kuongeza mashambulizi. Japani ndiko walikoliona mapema.

Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza: macho yote mawili yameshambuliwa? Doa la uti wa mgongo limefika pingili tatu au zaidi? Kutapika au kwikwi zisizokoma? Tuma seramu kupima AQP4 kwa njia ya seli hai, si ELISA ikiwezekana. Chukua damu KABLA ya steroidi au kubadilisha plazma, la sivyo unaweza kupata hasi ya uongo. Tenganisha seramu, igandishe, isiyeyuke njiani.

#16 Mgeni_Jamvini

Je, leo mtu anaweza kuomba kibali TMDA (mamlaka ya dawa Tanzania) na NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba) afanye jaribio la intaferoni dhidi ya plasebo hapa?

#17 Mganga_wa_Namba

Atakwama kwa maadili kabla ya kukwama kwa namba. Kumnyima mtu matibabu yanayojulikana kwa miaka miwili hakupiti tena. Na 451 kwa kila kundi, kwa ukanda ambao MS ni nadra na MRI ni chache, hawapatikani.

Baadaye intaferoni yenyewe ikawa mizani ya kupimia dawa mpya (namba ni mashambulizi kwa mtu kwa mwaka). TRANSFORMS ya 2010: fingolimod 0.16, Avonex 0.33. OPERA mbili za 2017: ocrelizumab 0.16, Rebif 0.29. Msichukue 0.29 ya Rebif mkaiweka kando ya 1.27 ya plasebo ya 1993 mkasema dawa imekuwa bora. Vigezo vya utambuzi vimebadilika tangu 2001, watu wanaingia mapema na wakiwa na ugonjwa mwepesi.

#18 Kipimo_Kwanza

Na kwa mnunuzi wa serikali: orodha ya dawa muhimu ya WHO ya 2023 iliingiza tatu za MS, nazo ni cladribine, glatiramer na rituximab. Intaferoni beta haikuwemo. Rituximab ina faida ya ziada kwetu, kwamba aliyepewa kwa jina la MS kumbe ana NMO haharibikiwi. Swali lenye maana kwa hapa ni dozi na ufuatiliaji wa rituximab, na hilo anayeweza alifungulie uzi wake.